Hasara ya Milioni 42, Amri ya Milioni 5.7: Uchambuzi wa Kisa cha Kukiri Kosa, Tanga

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya uchambuzi. Wahusika wake hawapo, lakini sheria ni zenyewe na makosa yanayofanyika ndani yake ni ya kawaida. Nambari za vifungu ni zile zilizokuwa zikitumika Machi 2025. Toleo la Sheria la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limezipanga upya baadhi, hivyo mwenye kitabu kipya atafute kwa jina la kifungu kwanza.

Mama mmoja ana duka la jumla la vifaa vya ujenzi Ngamiani, jijini Tanga, na stoo nyuma yake. Mtunza stoo wake ni kijana aliyekaa naye miaka minne. Tarehe 2 Agosti 2024, katika kuhesabu mzigo, mama akakuta saruji imepungua na hati tatu za kutolea mzigo zina sahihi isiyo yake. Siku mbili baadaye polisi walikamata mifuko 180 kwa fundi mfyatua matofali huko Pongwe, aliyesema ameinunua kwa kijana kwa shilingi 11,000 mfuko. Tarehe 9 Agosti mjomba wa kijana akaja dukani na shilingi 1,500,000, mama akaandika stakabadhi kwa mkono na kuipokea.

Hati ya mashtaka ikafunguliwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Tanga ikiwa na mashitaka matatu. La kwanza, wizi wa mtumishi chini ya vifungu vya 258 na 271 vya Kanuni ya Adhabu, mifuko 600 ya saruji, kati ya tarehe 3 na 28 Julai 2024. La pili, kughushi zile hati tatu. La tatu, wizi wa mtumishi tena, mabati 420 ya geji 30, kati ya Februari na Machi mwaka huo huo. Kifungu cha 271 kinabeba kifungo kisichozidi miaka kumi.

Kesi ilikaa miezi saba. Kisha wakili wa utetezi akaomba majadiliano ya kukiri kosa na upande wa mashtaka. Ushahidi wa saruji ulikuwa mzito: kulikuwa na mifuko iliyokamatwa, fundi aliyenunua, na ujumbe wa simu. Wa mabati ulikuwa mwepesi, kwa sababu funguo za stoo ya mabati walikuwa nazo watu watatu na hakuna hata bati moja lililoonekana. Wakakubaliana kijana akiri shitaka la kwanza tu, kisha la pili na la tatu yaondolewe, na upande wa mashtaka usipinge aachiwe kwa sharti la kutotenda kosa kwa miezi 12 chini ya kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu, pamoja na kulipa fidia.

Mpaka hapo hakuna tatizo. Tatizo lilikuwa aya ya saba ya makubaliano, iliyosomeka hivi:

"7. Mshitakiwa atarejesha hasara yote aliyomsababishia mlalamikaji."

Karatasi ya milioni 42

Tarehe 4 Machi 2025 makubaliano yalipelekwa mbele ya hakimu yasajiliwe. Hakimu aliuliza swali moja: hasara yote ni kiasi gani? Mwendesha mashtaka akatoa karatasi aliyoletewa na mama asubuhi ile ile. Ilikuwa imeandikwa hivi:

Saruji mifuko 600 kwa 15,500: 9,300,000
Mabati 420 kwa 28,000: 11,760,000
Upungufu wa stoo mwaka mzima (nondo, misumari, rangi): 14,200,000
Ada ya mhasibu: 1,800,000
Riba ya mkopo wa benki: 2,350,000
Usumbufu: 3,000,000
Jumla: 42,410,000

Kijana akasema alichokiri ni saruji. Wakili wake akasema hiyo karatasi anaiona leo. Hakimu akakataa kusajili, na alikuwa sahihi. Mahakama hairuhusiwi kushiriki kwenye majadiliano yenyewe, ila kabla ya kusajili inawajibika kumhoji mshitakiwa chini ya kiapo na kujiridhisha kwamba ameingia kwa hiari, anayaelewa, na anajua haki anazoziacha, ikiwemo haki ya kusikilizwa kesi nzima na haki ya kukata rufaa, isipokuwa juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu. Mtu hawezi kusemwa amekubali kwa hiari deni ambalo hajatajiwa. Aya ya "hasara yote" haimpi mlalamikaji pesa zaidi, inampa tarehe nyingine ya kesi.

Na makubaliano yakikataliwa hayabaki na nguvu yoyote. Yale yaliyosemwa kwenye majadiliano hayawezi kutumika dhidi ya mshitakiwa baadaye, na upande wa mashtaka unabaki na hati yake ya awali kama vile hakuna kilichofanyika.

Kwa nini milioni 42 haiwezekani

Mamlaka ya mahakama kuamuru fidia hayatoki hewani. Yamo katika kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, na ukikisoma polepole utaona kina milango minne, na kila shilingi inayodaiwa lazima ipite yote. Mtu awe ametiwa hatiani. Ionekane kutokana na ushahidi kwamba mtu mwingine amepata hasara ya mali au jeraha la mwili. Hasara hiyo iwe imetokana na kosa lililotendwa. Na iwe ni hasara ambayo kwa maoni ya mahakama fidia yake ya maana ingeweza kupatikana kwa kesi ya madai. Baada ya hapo ndipo mahakama inapotumia busara yake kuamuru kiasi inachokiona cha haki.

Chukua mabati. Shitaka la tatu limeondolewa. Hakuna hatia juu yake, na kijana hakukiri neno. Hasara ya mabati inaweza kuwa ya kweli kabisa, lakini haijatokana na kosa alilotiwa hatiani nalo. Mlango wa kwanza na wa tatu umefungwa.

Marekani walilipitia jambo hili hili mwaka 1990 katika kesi ya Hughey dhidi ya Marekani. Mshitakiwa alikiri shitaka moja la kutumia kadi moja ya benki isivyo halali. Hasara ya kadi hiyo ilikuwa dola 10,412. Mahakama ya chini ikamwamuru alipe dola 90,431, kwa hesabu ya kadi zipatazo 30. Mahakama ya Juu ikasema hapana: fidia inaishia kwenye kosa lililotiwa hatiani. Mwaka huo huo Kongresi ikaongeza kwenye sheria kwamba mahakama inaweza kuamuru fidia kubwa zaidi kwa kiasi ambacho pande zenyewe zimekubaliana ndani ya makubaliano ya kukiri. Uamuzi ule na nyongeza yake havitufungi sisi hapa, lakini vinaonyesha kwamba kuvuka mpaka wa shitaka kunahitaji mkono wa mshitakiwa mwenyewe juu ya karatasi.

Sheria yetu ina nafasi inayofanana na hiyo. Vifungu vya 194A hadi 194H, vilivyoingizwa kwenye Sura ya 20 na Sheria Namba 11 ya 2019, vinatambua kwamba makubaliano yanaweza kubeba fidia, kurejesha mali au kutaifisha mazao ya kosa. Kwa hiyo mama angeweza kupata mabati kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuliacha shitaka la tatu ndani, kijana akalikiri, na punguzo likaelekezwa kwenye adhabu. Ya pili ni kuliondoa shitaka lakini kuyaandika mabati kwenye maelezo ya ukweli anayoyakiri mshitakiwa, pamoja na aya ya fidia inayoyataja kwa idadi na thamani. Njia ya kwanza ni imara. Ya pili inatembea juu ya kamba: wakili mzuri kwenye rufaa atauliza imekuwaje mtu anafidia kosa ambalo mashtaka yenyewe wameliondoa. Tungeitumia pale tu ambapo hakuna namna nyingine na mshitakiwa ana wakili aliyemweleza.

Katika kisa hiki zote mbili zilishindikana, kwa sababu kijana aliyakana mabati tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na ushahidi wa kumbana haukuwepo. Hapo ndipo walalamikaji wengi wanapokasirika: "Mmemwachia mabati yangu!" Wanasahau kwamba shitaka dhaifu likienda hadi mwisho na kushindwa, mabati hayarudi vilevile, na mshitakiwa anatoka na hukumu ya kuachiwa mkononi.

Upungufu wa mwaka mzima, milioni 14.2, ni rahisi zaidi kuukataa. Hesabu ya stoo kutokaa sawa si ushahidi wa wizi, sembuse wizi wa mtu fulani. Nondo zinazouzwa kwa kipande huku daftari likihesabu kwa urefu mzima, rangi iliyomwagika, mteja wa mkopo aliyechukua misumari ikaandikwa kwenye kikaratasi kikapotea: vyote vinaonekana kwenye hesabu kama upungufu. Kiasi hiki hakikutajwa hata kwenye hati ya mashtaka.

Ada ya mhasibu ina ubishi kidogo. Kama mhasibu angeitwa kukagua mzigo wa saruji wa Julai peke yake, gharama hiyo ingeweza kutetewa kuwa imetokana na kosa. Huyu alikagua mwaka mzima kwa sababu mama alitaka pia kupeleka hesabu benki. Marekani, katika kesi ya Lagos dhidi ya Marekani ya 2018, Mahakama ya Juu ilikataa kampuni kurudishiwa mamilioni ya dola iliyotumia kujichunguza yenyewe kabla ya serikali kuingia. Hiyo ilitegemea maneno ya sheria yao, lakini hoja ya msingi inafaa kukumbukwa: uchunguzi alioamua mlalamikaji mwenyewe si hasara aliyotwishwa na mwizi.

Riba ya mkopo: benki haikuibiwa saruji. Mkopo ulikuwepo kabla ya Julai. Usumbufu: kifungu kinasema hasara ya mali au jeraha la mwili. Kukosa usingizi kwa ajili ya kesi hakupiti mlango wa pili.

Saruji, mfuko kwa mfuko

Inabaki saruji, na hapa ndipo kazi ilipo.

Kwanza bei. Mama aliandika 15,500, bei anayomuuzia mteja. Risiti za kununulia zinaonyesha mfuko unamfikia stoo kwa 13,500, usafiri na upakuaji ndani yake. Ipi ni hasara? Kwa mfanyabiashara wa jumla ambaye angeweza kupata mzigo mwingine kesho yake, na kiwanda kiko Pongwe hapo hapo, hasara ni kile kinachomgharimu kuurudisha mfuko ule kwenye stoo. Faida ya 2,000 inakuwa hasara pale tu atakapoonyesha kwamba kuna mteja alirudi mikono mitupu kwa sababu ya wizi huo, kwa oda iliyoandikwa na tarehe yake. Hakuwa nayo. Kwa hiyo 600 kwa 13,500, yaani 8,100,000.

Pili, mifuko 180 iliyokamatwa. Mali iliyoibwa ikipatikana inarudi kwa mwenyewe, kifungu cha 358, na kinachorudi kinapunguza fidia. Lakini saruji haikai kama pikipiki. Ilipangwa kwenye ua wa vielelezo, yaani vitu vya ushahidi, juu ya sakafu tupu bila chaga za mbao chini yake, chini ya paa linalovuja, mvua za vuli zikapita juu yake, na hewa ya pwani unaijua. Ilipokuja kukabidhiwa, mifuko 65 ilikuwa mizima na 115 imeganda. Kipimo ni rahisi na mtu yeyote anaweza kukifanya mbele ya pande zote: fungua pembe ya mfuko, chukua bonge, libane kwa vidole. Likivunjika kuwa unga, saruji bado ina kazi. Lisipovunjika, hilo ni jiwe. Mifuko ya tabaka la chini na ya pembeni yote ilikuwa jiwe.

Basi kinachoondolewa kwenye hesabu ni mifuko 65 tu: 877,500. Ile 115 imerudi kwa mama kwa jina, thamani yake haikurudi. Utetezi ulisema kijana hakuinyeshea mvua yeye, uzembe wa kuitunza si wake. Ni hoja ya haki kusikilizwa, lakini ina udhaifu: bila wizi mifuko ile isingekuwa kwenye ua wa vielelezo. Upande wa mashtaka ungeweza kuiondoa hoja hiyo mapema kabisa. Sheria inairuhusu mahakama kuamuru mali inayoharibika haraka itolewe au iuzwe kabla kesi haijaisha. Ombi lingepelekwa Agosti ile ile, mifuko ikahesabiwa, ikapigwa picha mbele ya mshitakiwa, akasaini orodha, mama akaichukua na kuiuza. Fidia ingepungua kwa 2,430,000 na si 877,500, na kila mtu angekuwa na nafuu, kijana akiwa wa kwanza.

Tatu, ile 1,500,000 ya mjomba. Mama hakuitaja kwenye karatasi yake. Aliiona kama pole. Stakabadhi yake mwenyewe, hata hivyo, inasema "kwa ajili ya saruji", na maneno hayo manne yanatosha kuiondoa kwenye deni. (Na hili liwe wazi kwa familia zinazokimbilia kulipa ili kesi ifutwe: wizi wa mtumishi si kosa la kumalizwa nyumbani. Pesa inapokelewa na kesi inaendelea, kwa sababu mwenye kuiondoa ni upande wa mashtaka, si mwenye duka.)

8,100,000 ukitoa 877,500 ukitoa 1,500,000, inabaki 5,722,500.

Mwendesha mashtaka alipomweleza mama hesabu hii ofisini, mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Mwanangu, mimi nimepoteza milioni arobaini na mbili."

"Nakusikia, mama. Lakini hakimu hatapima ulichopoteza, atapima alichokiri."

"Na hayo mengine?"

"Hayo mengine kuna mlango wake, na bado uko wazi. Tusiyalazimishe hapa tukakosa na haya."

Mazungumzo hayo yalipaswa kufanyika mwezi mmoja kabla. Kifungu cha 194A kinamtaka mwendesha mashtaka ashauriane na mwathirika au mpelelezi pale mazingira yanaporuhusu, na mazingira ya duka lililo mwendo wa bajaji kutoka mahakamani yanaruhusu. Kilichofanyika ni simu ya dakika moja: "Mama, kijana anataka kukiri, uandae hasara zako." Mtu ukimwambia aandae hasara zake, ataandaa zote.

Mnunuzi aliyesahauliwa

Yule fundi wa Pongwe alilipa 1,980,000 kwa mifuko 180, ikachukuliwa, na hakuna aya hata moja iliyomtaja. Kifungu cha 348(2) kinairuhusu mahakama, katika makosa ya wizi na yanayofanana nayo, kumwamuru mwenye hatia amfidie pia mnunuzi mwenye nia njema ambaye mali imetoka mikononi mwake na kurudi kwa mwenyewe.

Nia njema yake ina alama mbili upande huu na mbili upande ule. Alinunua kwa 11,000 mfuko unaouzwa 15,500 mjini, na hakupewa risiti ya mashine. Kwa upande mwingine alionyeshwa hati ya kutolea mzigo yenye jina la duka, na mzigo uliletwa mchana kwa lori analolijua. Sisi tungeegemea kumkatalia, kwa sababu mfyatua matofali anaijua bei ya saruji kuliko mtu yeyote, na punguzo la 4,500 kwa mfuko ni kelele, si bahati. Lakini uamuzi huo ulipaswa kuandikwa. Makubaliano yanayomnyamazia mnunuzi yanamwachia nafasi ya kuja siku ya adhabu kudai kwenye mfuko ule ule ambao mama anausubiri.

Aya mpya

Makubaliano ya pili yalisomwa tarehe 18 Machi 2025. Aya ya saba ilikuwa imegeuka:

"7. Mshitakiwa anakiri kwamba hasara iliyotokana na shitaka la kwanza ni shilingi 8,100,000, yaani mifuko 600 ya saruji ya kilo 50 kwa shilingi 13,500 kila mmoja, bei ya kununulia pamoja na usafiri, kama inavyoonekana kwenye risiti zilizoambatanishwa. Zimeondolewa shilingi 877,500, thamani ya mifuko 65 iliyorejeshwa ikiwa mizima, na shilingi 1,500,000 zilizopokelewa na mlalamikaji tarehe 9 Agosti 2024. Fidia inayobaki ni shilingi 5,722,500.

8. Fidia italipwa kupitia mahakama kwa awamu tatu za shilingi 1,907,500, tarehe 15 Mei, 15 Agosti na 15 Novemba 2025.

9. Pande zinakubaliana kwamba hakuna fidia inayodaiwa kwa mnunuzi wa mifuko 180.

10. Makubaliano haya hayahusu wala hayafuti madai yoyote ya mlalamikaji juu ya mali isiyotajwa katika shitaka la kwanza."

Aya ya tisa inawafunga walioisaini, haimfungi fundi, lakini inamwonyesha hakimu kwamba suala lilifikiriwa. Aya ya kumi ndiyo tunayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayokosekana mara nyingi. Bila hiyo, wakili wa kijana angeweza kusimama baadaye kwenye kesi ya madai na kudai kwamba yote yalimalizwa kwa 5,722,500.

Viambatanisho navyo vina uzito wake. Kesi ya kukiri haina mashahidi wanaopanda kizimbani, na kifungu cha 348 kinataka hasara ionekane kwenye ushahidi. Ushahidi wenyewe ni maelezo ya kosa aliyoyakubali mshitakiwa pamoja na vielelezo vilivyopokelewa. Hapa vilikuwa risiti za kununulia za Julai, kurasa za daftari la stoo, hati ya ukamataji mali, picha za mifuko iliyoganda, na ile stakabadhi ya mkono. Kiasi kisichoonekana kwenye karatasi hizo hakina pa kusimama, hata hakimu akiwa na huruma namna gani. Na kwa kuwa tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, hakuna sababu ya makubaliano kuandikwa kwa lugha ambayo kijana anatafsiriwa pembeni kwa kunong'onezwa. Aisome mwenyewe.

Kwa nini Mei 15 na si siku ya hukumu? Kifungu cha 348(3): amri ya fidia inakatiwa rufaa, na hakuna malipo yanayofanyika kabla muda wa rufaa haujapita au rufaa haijaamuliwa. Rufaa kutoka mahakama hiyo kwenda Mahakama Kuu inatangulizwa na kusudio ndani ya siku kumi, na hoja za rufaa ndani ya siku 45, kifungu cha 361. Ukihesabu kutoka Machi 18 unafika Mei 2. Familia ikitaka kuweka pesa mapema inaweza, ila inakaa mahakamani. Tumeona makubaliano yanayosema "italipwa leo mbele ya hakimu" yakimletea mlalamikaji shida ya kurudisha alichokwishatumia.

Rasimu ilikuwa na sentensi nyingine iliyofutwa: "asipolipa awamu yoyote atatumikia kifungo cha mwaka mmoja." Ilistahili kufutwa. Fidia si faini, na kifungu cha 348 chenyewe hakitoi kifungo cha kushindwa kulipa. Kilichofanya kijana aaminike hakikuwa tishio hilo, ni aya ya uwezo: pikipiki yake yenye kadi kwa jina lake ingeuzwa kwa awamu ya kwanza, na mjomba alisaini kwa hiari kuzibeba mbili zilizobaki. Nyumba ya mama yake mzazi, ambayo mtu mmoja alipendekeza iandikwe, iliachwa. Hakukiri yeye.

Inafaa pia kueleza kwa nini watu wengi wanadhani kukiri kosa maana yake ni kulipa kila kinachotajwa. Septemba 2019 Rais John Magufuli alitoa siku saba, kisha akaziongeza, kwa washitakiwa wa uhujumu uchumi kukiri na kurudisha fedha. Waliokubali walitajwa kuwa 467, kwa zaidi ya shilingi bilioni 107. Picha iliyobaki vichwani ni ya bei: taja kiasi, lipa, toka. Fedha zile zilikuwa zikirejeshwa serikalini, si kwa mwenye duka. Anayeibeba picha ile kwenda nayo kwenye kesi ya saruji anakuja na karatasi ya milioni 42.

Mlango uliobaki

Milioni 11.76 ya mabati, au kwa bei ya kununulia ya 24,000, milioni 10.08, mama anaweza kuidai kwa kesi ya madai. Kiwango hicho ni cha Mahakama ya Wilaya bila shida, ambayo kwa mali inayohamishika inafika hadi milioni 200. Kipimo cha ushahidi ni chepesi kuliko cha jinai, kwa hiyo funguo kuwa kwa watu watatu si ukuta tena, ingawa bado ni kikwazo.

Asitegemee hukumu ya Machi 18 imsaidie kwenye mabati. Kifungu cha 43A cha Sheria ya Ushahidi kinaifanya hukumu ya mwisho ya jinai kuwa uthibitisho usiopingika kwamba mtu alitenda kosa alilotiwa hatiani, na kosa hilo ni la saruji. Mabati atayathibitisha kuanzia mwanzo. Na kama angetaka kudai tofauti yoyote ya saruji, faida kwa mfano, kifungu cha 348(4) kinaitaka mahakama ya madai izingatie alichokwishalipwa.

Kitakachomponza si ushahidi bali kalenda. Madai yanayotokana na kosa la daawa, yaani kumdhuru mtu au mali yake nje ya mkataba, yana ukomo wa miaka mitatu chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89. Akiyajenga juu ya mkataba wa ajira anapata miaka sita, lakini hilo ni jambo la kubishaniwa, na mtu mwenye busara hapangi safari yake juu ya ubishi. Mabati yaliondoka kati ya Februari na Machi 2024. Miezi saba ya kusubiri kesi ya jinai haikusimamisha saa. Nakala ya hukumu na ya makubaliano iliyothibitishwa na mahakama aiombe mapema, na hati ya madai iwe imefunguliwa kabla ya Februari 2027.